Mnong'onezaji wa Yakobo

Godefroid alipowasha msumeno na kuanza kukata tundu katikati ya ukingo wa jukwaa la kanisa, watu watatu waliacha walichokuwa wakifanya wakamkimbilia. Jukwaa lenyewe lilikuwa bado jipya. Godefroid mwenyewe ndiye aliyelijenga mwaka uliotangulia, waumini walipohamia jengo hilo la Katy, kitongoji cha Houston, lililokuwa zamani duka la samani, na harufu ya mbao ilikuwa haijaisha.

"Baba Josué, umerukwa na akili?" Nyaboke alimpigia kelele. Nyaboke ni mwenyekiti wa kamati ya sherehe na muuguzi mkuu wa zamu hospitalini, mtu aliyezoea agizo lake lifuatwe mara ya kwanza.

"Uliza Mama Lenny," Godefroid alijibu bila kuinua macho. "Miye nakata tu penye alichora."

Mama Lenny alikuwa amepiga magoti sakafuni, chaki mkononi. Jina lake ni Kagendo, mwanamke wa Meru mwenye miaka sitini na miwili, mwembamba, mpole wa sauti, ambaye kwa miaka tisa Houston nzima ilimjua kama mama anayewaogesha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wagonjwa. Hakuna aliyewahi kumwuliza alifanya nini kabla ya hapo. Sisi tuna tabia hiyo mbaya: mtu akishuka kwenye ndege tunamwuliza amepata kazi gani, hatumwulizi ameacha ipi.

"Tundu la nini, Mama Lenny?"

"La mimi kukaa. Mtu akisahau maneno, nimwambie."

"Si ukae tu kwa kiti pale kando?"

"Wa kando husikika kando. Yakobo atakuwa katikati."

Godefroid alizima msumeno, uso umemng'aa. "Ah! Trou du souffleur! Tundu ya mnong'onezaji! Tulikuwa nayo ku collège, ku Bukavu. Padri moja Mbelgiji njo alikuwa anaingia mule. Siku moja akalala usingizi, tukamaliza mchezo bila yeye."

"Mimi silali," Kagendo alisema.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya kanisa. Walichagua kisa cha Yakobo mzee, macho yamefifia, akiwaita wanawe kumi na wawili kitandani awabariki mmoja mmoja kabla ya kufa. Wana hao wangeigizwa na vijana kumi na wawili waliozaliwa ndani ya ushirika huo. Yakobo angekuwa mzee Samson, mwenye miaka sabini na minane, ambaye kanisa lilianzia sebuleni kwake, mtaani Gulfton, wakiwa watu sita na gitaa moja. Vijana wote kumi na wawili, yeye ndiye aliyewapakata siku walipoletwa kuombewa wakiwa wachanga. Alikuwa ameomba jambo hilo moja tu katika sherehe nzima: awabariki kwa kinywa chake mwenyewe.

Lakini mzee Samson alikuwa anasahau. Kagendo alilijua hilo katika mazoezi ya tatu, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuna kunyamaza kwa mwigizaji anayetaka watu wamsubiri, na kuna kunyamaza kwa mwigizaji aliyefika mlangoni akakuta hana ufunguo. Katika kule kwa kwanza pumzi hukaa chini, tumboni. Katika kule kwa pili pumzi hupanda juu kifuani na kubaki huko. Kagendo alijifunza kutofautisha pumzi hizo mbali sana na Texas.

Alifika Ujerumani mwaka 1991 kulea watoto wa familia moja, katika mji mdogo wa Thuringia ambao hata Wajerumani wengi hawawezi kuuonyesha kwenye ramani. Mji ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na jumba la maonyesho lililojengwa na mtawala wao wa zamani, miaka mia moja na zaidi iliyopita: viti vya mahameli nyekundu, roshani tatu zilizopakwa rangi ya dhahabu, na taa kubwa ya vioo iliyokuwa ikishushwa kwa kamba mara moja kwa mwaka ili ipanguswe. Kagendo alipoacha kulea watoto, alipata kazi ya kufagia humo. Asubuhi alipangusa viti huku waigizaji wakifanya mazoezi, na Kijerumani chake chote kilimwingia kwa njia hiyo. Siku za kwanza alipoenda kununua mkate, alimwomba mwokaji kwa maneno ya malkia anayemsihi mfalme amwachie mwanawe. Mwokaji alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea andazi.

Siku moja, Kagendo akiwa roshani ya juu na kitambaa cha vumbi, mwigizaji aliye jukwaani alikwama. Kagendo alilitaja neno bila kukusudia. Jumba lile lilikuwa limejengwa na mafundi waliojua sauti inavyosafiri. Neno lilishuka lote, zima, mpaka jukwaani.

"Nani huyo?" mwongozaji alifoka.

Kagendo alijua kazi imekwisha. Lakini kutoka katika kisanduku kidogo kilichokuwa ukingoni mwa jukwaa kilitokea kichwa cheupe cha Bi Wiegand, aliyekuwa amewanong'oneza waigizaji wa mji huo kwa miaka thelathini. "Mleteni chini huyo," alisema. "Mimi nimechelewa, yeye amewahi."

Bi Wiegand alimfundisha miaka miwili, kisha akamwachia kiti. Kiti hicho kilikuwa chini ya sakafu. Mnong'onezaji alikaa kichwa chake kikiwa usawa wa viatu vya waigizaji, kifuniko cha mbao kikimficha asionwe na watazamaji. Upepo baridi ulipita miguuni kutoka vyumba vya chini, kwa hiyo alivaa soksi za sufu hata mwezi wa Julai. Vumbi, gundi, mate ya waigizaji waliopaza sauti: vyote vilimwangukia kwenye kitabu. Watu aliwajua kwa viatu. Kazi, Bi Wiegand alisema, ni kutoa neno kabla ukimya haujawa ukimya. Hutoi sauti, unatoa pumzi yenye neno ndani yake. Na unachokisikia kisandukuni kinabaki kisandukuni.

Alikaa humo miaka kumi na tisa. Hata sasa, akiendesha gari barabara kuu namba kumi asubuhi, magari yamesimama kuanzia Katy hadi mjini, humjia kengele tatu za kuwaita watazamaji waingie. Kina mama wa chumba cha makoti na vibao vyao vya shaba vyenye namba. Wazee wenye viti vyao vya kila msimu, ambavyo baba zao walikuwa wamevikalia kabla yao. Humjia lile pazia la chuma, la kuzuia moto, likishuka taratibu kama mlango wa ghala, na yule zimamoto aliyekaa pembeni kila onyesho tangu siku za taa za gesi, ingawa gesi haipo tena. Jumatatu walicheza mchezo wa huzuni, Jumanne vichekesho, Jumatano opera, waigizaji walewale, mafundi walewale, na hakuna aliyeona ajabu. Kazi ilikuwa kazi. Mtu alishona kifungo kisichoonekana na yeyote aliye zaidi ya hatua mbili, na alikishona vizuri. Siku hizi tunahangaika kuonekana hata tusipofanya lolote; mtu mzima anapiga picha sahani yake kabla ya kumshukuru Mungu kwa chakula. Kagendo hakuwahi kuonekana, na hakuwahi kukosa usingizi kwa hilo.

Alikosa usingizi kwa jambo jingine. Mwaka 2009, Bwana Dörfler, mwigizaji mkongwe wa jumba lile, alianza kusahau. Kagendo alimbeba msimu mzima, neno kwa neno, mtu asijue. Kisha mkurugenzi alimwita ofisini akamwuliza waziwazi: Je, Dörfler anasahau? Kagendo, aliyelelewa asiseme uongo, alijibu: Ndiyo. Jumatatu, kwenye ubao ambapo majina ya waigizaji yalibandikwa, jina la Dörfler lilikuwa limefutwa katika michezo yote mitatu. Mzee yule alipita karibu na kisanduku, akainama kwa adabu kubwa kuliko siku zote, akaenda zake. Hakusema naye tena. Alifariki baada ya miaka miwili, wakati wa theluji.

Kagendo alikuwa amesema kweli. Kwa nini basi ilimkaa kooni? Ilimchukua miaka kuelewa kwamba alijibu swali aliloulizwa, akaliacha lile lililopaswa kuulizwa. Na alijibu nyuma ya mgongo wa Dörfler mwenyewe.

Baadaye jumba liliunganishwa na la mji jirani, tundu la mnong'onezaji likazibwa kwa ubao na kupakwa rangi nyeusi. Kagendo alisimama akitazama misumari ikigongwa, hadi wa mwisho. Lenny, mwanawe, alikuwa amepata kazi ya uhandisi Houston. Akamwita.

Wiki moja kabla ya sherehe, baada ya mazoezi, Nyaboke alimngoja kwenye maegesho ya magari. Alikuwa na Rogers, kiongozi wa vijana, kompyuta kwapani.

"Mama Lenny, sema ukweli. Mimi ni nesi, siwezi kudanganywa. Mzee ana-forget. Ni kweli ama si kweli?"

Kagendo alihisi baridi ya vile vyumba vya chini ikimpanda miguuni, ingawa lami ilikuwa ikitoa moto. Lilikuwa swali lilelile, kwa lugha nyingine.

"Mimi nina solution," Rogers alidakia. "Tuna-project maneno kwa screen ile kubwa huko nyuma ya watu. Mzee anasoma tu. Simple."

"Yakobo haoni," Kagendo alisema. "Kipofu atasoma ukutani? Na mtoto aliyepiga magoti mbele yake atabarikiwa na nani, na ukuta?"

"Basi tumpe Rogers hiyo part," Nyaboke alisema. "Sitaki mzee aaibike mbele ya watu mia tatu. Wengine wanatoka mbali, Plano na Fort Worth, wanakuja na simu zao, saa hiyohiyo ako online. Mimi nampenda kama babangu. Nijibu."

"Kusahau, anasahau," Kagendo alisema polepole. "Hilo ni moja. La pili hujaniuliza. Peke yake hawezi. Nikiwa pale chini, anaweza. Na haya niliyokwambia wewe, kesho naenda kumwambia yeye."

"Kumwambia? Utamvunja moyo!"

"Afadhali nimvunje mimi mbele yake kuliko tumjadili hapa kama gari bovu."

Kesho yake alipotoka kazini alikwenda Gulfton, ambako mzee alikuwa angali anaishi katika nyumba ileile ya ghorofa ya pili, amefiwa na mkewe, karibu na Wakongo, Waafghani na watu wa Honduras waliomsalimu kila mmoja kwa lugha yake. Alimkuta anachemsha chai. Mahali pa vijiko palikuwa pameandikwa, na pa sukari pia, kwa vikaratasi vya njano vilivyobandikwa kabatini. Kagendo alivisoma, akajifanya hajavisoma, kisha akaona aibu kujifanya.

"Umekuja kuniambia nimezeeka," mzee alisema.

"Nimekuja kukuambia nilichomwambia Nyaboke." Akamwambia chote.

Mzee Samson alipiga kikombe mezani, chai ikamwagika. "Nani amekutuma unipime? Hao watoto nimewashika kwa mikono hii! Mnataka nikae nyuma nipige makofi kwa Rogers?"

Bi Wiegand alikuwa amemfundisha Kagendo pia wakati wa kutosema neno. Mzee alifuta chai kwa kiganja, taratibu, akaketi.

"Ni Naftali," alisema mwishowe. "Wengine wanakuja. Naftali ananitoroka. Wana kumi na wawili ni wengi, Mama Lenny. Mimi nilizaa watatu na nilikuwa nawachanganya nikiwa na miaka thelathini." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Nataka kuwabariki nikiwa bado nawajua. Mwaka ujao sijui nitakuwa namjua nani."

"Basi tufanye kazi," Kagendo alisema. "Ukikwama, usinitafute kwa macho. Usihangaike. Vuta pumzi tu, nitakuwa hapo."

Sherehe ilikuwa Jumapili alasiri. Nyuma ya pazia mzee alikuwa amevalishwa joho na ndevu za pamba. Kagendo alimwendea kwa nyuma, akamtemea mate ya hewa mara tatu juu ya bega la kushoto, namna waigizaji wa Ujerumani wanavyotakiana heri: "Toi, toi, toi."

"Mama Lenny!" Nyaboke aliruka. "Hii ni kanisa! Shindwe!"

"Muache, mama," mzee Samson alisema, amefurahi. "Kwetu Nandi wazee hutema mate wakikubariki. Sijui Wajerumani walitoa wapi hiyo. Asan—"

Kagendo alimziba mdomo kwa kiganja. "Hapo huitikii. Ukishukuru, unaharibu. Hata mimi nikikusaidia pale jukwaani, ni marufuku. Mnong'onezaji hashukuriwi."

"Hiyo nayo ni tabia gani?"

"Ni ya kazi."

Akaingia shimoni. Godefroid alikuwa amemwekea stuli, taa ndogo na kifuniko cha plaiwudi kilichopigwa msasa vizuri. Upepo wa viyoyozi uliteremka moja kwa moja shingoni mwake. Mbele ya macho yake vilipangwa viatu vya wana wa Israeli: jozi kumi na moja za ndala za ngozi, na jozi moja ya raba nyeupe zenye mistari ya buluu. Brandon, mtoto wa Nyaboke, alikuwa amekataa katakata kuzivua.

Mzee alianza vizuri. Reubeni, Simeoni, Lawi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyehubiri bila kipaza sauti sebuleni kwa miaka mingi. Kwa Yuda watu waliitikia amina kabla hajamaliza. Alipofika Gadi pumzi ilipanda. Kagendo alitoa neno, mzee akalipokea kama lake, hakuna aliyejua. Asheri akaja mwenyewe.

Kisha pumzi ikapanda tena, ikakaa kifuani.

"Naftali," Kagendo alinong'ona.

Raba nyeupe zilisogea kidogo.

"Naftali."

Mzee alisikia. Na pale pale, kwa sababu alikuwa ameishi miaka sabini na minane bila kupokea kitu chochote kwa mtu yeyote pasipo kushukuru, aliinama kutoka kitandani kwa Yakobo kuelekea shimoni, akasema kwa adabu yote:

"Asante sana, Mama Lenny."

Kipaza sauti kilichobanwa kwenye joho lake kiliipeleka asante hiyo hadi maegesho ya magari.

Kagendo alifumba macho. Katika miaka kumi na tisa jina lake halikuwahi kutajwa kutoka juu ya kisanduku. Kule Thuringia wazee wenye viti wangeandika barua gazetini. Alisubiri kicheko, na kicheko kilikuja, kikubwa, ukumbi mzima, na katikati yake mama mmoja wa nyuma kabisa akaitikia, kama mtu aliye jikoni kwake: "Karibu, mzee wetu!"

"Msicheke," Samson alisema, naye akicheka. "Yakobo alikuwa mzee, na mimi ni mzee. Ninasahau. Nyinyi wenye simu, pigeni picha vizuri: ninasahau. Naftali, njoo. Wewe ndiye unanitoroka kila siku."

Raba nyeupe zikapiga hatua mbili. Mzee akaweka mkono juu ya kichwa cha kijana, na Kagendo, kidole chake kikifuata mstari kwenye karatasi, akakuta maneno yanayosemwa juu hayamo. "Brandon," mzee alikuwa anasema, "mwana wa Nyaboke. Siku mamako alikuleta kwangu ulikuwa na wiki tatu, ulinitapikia shati. Lilikuwa shati langu moja la Jumapili. Nikakubariki hivyo hivyo, na leo nakubariki tena. Ukawe mtu wa kweli. Ukawatunze waliokuzaa."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Brandon, ambaye hujibu Kiingereza hata akisalimiwa kwa Kiswahili, alisema, "Amina, babu."

Kwa Yusufu alikwama tena, akanong'onezwa, akashukuru tena. Alipofika kwa wa mwisho, Kagendo aliisikia pumzi ikipanda, akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, ukumbi wote ulikuwa umelitaja: "Benyamini!" Akaufunga mdomo wake, akaacha.

Kama alivyofundishwa, alibaki chini hadi watu walipotoka kwenda kula. Nyaboke alipita mbele ya jukwaa akijipangusa macho kwa pindo la leso, akaenda kuangalia pilau. Kisha miguu ya mzee Samson ikaning'inia ukingoni, kando ya kifuniko.

"Nimekuharibia kazi, Mama Lenny."

"Umeiharibu kabisa."

"Binti yangu Cherotich amepiga simu kutoka Plano. Ameshaiona video. Amenitafutia daktari wa hayo mambo ya kusahau, Alhamisi, hapa Houston. Wanakuuliza leo ni siku gani, taja wanyama kumi, chora saa." Akainama karibu na kifuniko. "Nilikuwa nafikiria. Unipeleke wewe. Ukae kiti cha nyuma yangu."

Kagendo aliinua uso. Kutoka pale chini aliona ndevu za pamba zimelegea upande mmoja.

"Nitakupeleka," alisema. "Na nitakaa nyuma yako. Lakini huko sitafungua mdomo."

"Hata siku ya wiki?"

"Hata siku ya wiki."

"Nitafeli."

"Ukifeli watajua pa kuanzia. Nikikusaidia, watakurudisha nyumbani wakisema mzima."

Watoto walisikika nje wakifukuzana kati ya magari.

"Na Cherotich akitaka kunihamisha Plano, nikakosa la kumjibu?"

"Hapo utanisikia. Mimi mwenyewe nitasimama niseme, tena si kwa kunong'ona."

Mzee Samson alivua ndevu, akazikunja mfukoni mwa joho. "Utanichukua saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Niite Godefroid anitoe humu, magoti yamekufa ganzi."